Marigoldi si pambo, wala si muujiza: anza na tuta moja nyuma ya nyumba



Kila msimu wa nyanya ukikaribia, swali la marigoldi linarudi. Mmoja ameona video kwenye simu, mwingine kaambiwa na muuza mbegu, wa tatu amepita kwa jirani akakuta maua ya njano na ya chungwa yamepangwa mpakani kama kuna harusi. Swali ni lile lile: "Bwana shamba, nikiyapanda haya maua pembeni, si naacha kupiga dawa?"

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni hili unalosoma.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usisome ukinisubiri. Marigoldi ni zao la kazi, na kazi yake kubwa kwa mkulima wa mboga iko chini ya udongo, kwenye minyoo fundo. Lakini kazi hiyo inafanyika pale tu unapoipa eneo, wingi na muda. Ukipanda miche kumi pembeni umepanda pambo. Na kwa sababu inahitaji mbegu nyingi, kijana anayelima kibiashara hana budi kujifunza kuiotesha kwa mbegu mwenyewe, kuanzia tuta moja nyumbani, kabla hajaigusa ekari ya kukodi. Anayekuambia uruke hatua hiyo anakuuzia kitu.

Ubishani huu si wa maua. Wengi wenu mnalima kwa hela ya mkopo wa kikundi au ya shemeji. Umekodi shamba, umenunua mbegu chotara ya nyanya ambayo pakiti yake inauma, umeweka mbolea, umelipa vibarua. Wiki ya sita mimea inasinyaa saa sita mchana na kuinuka jioni, majani yanapauka, matunda yanakuwa madogo kama gololi. Unapiga dawa ya ukungu, haisaidii. Unaongeza mbolea, haisaidii. Siku unang'oa mche mmoja kwa hasira ndipo unaona mizizi imevimba vinundu kama tangawizi. Hapo msimu umeshakwenda, na deni limebaki.

Minyoo fundo ni nini, na marigoldi inaifanyaje

Minyoo fundo ni vidudu vidogo sana ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Vinaingia kwenye mizizi ya nyanya, bilinganya, pilipili, bamia, tango, tikiti, karoti na mimea mingine mingi, na kuifanya ivimbe. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamia. Udongo ukiwa na joto, kizazi kimoja huchukua kama wiki tatu hadi nne tu. Sasa piga hesabu: nyanya ikikaa shambani miezi mitatu na nusu, umefuga vizazi vitatu au zaidi kwa gharama yako.

Kabla hujasema ni minyoo, hakikisha. Mnyauko wa bakteria nao husinyaza nyanya, lakini wenyewe hauleti vinundu kwenye mizizi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona utando mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko wa bakteria, na usitegemee marigoldi ikutoe hapo. Na kwenye maharage usichanganye vinundu vya minyoo na vile vya bakteria wazuri wanaoleta naitrojeni. Vile vizuri vinabanduka kwa kidole. Vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, havibanduki.

Mizizi ya marigoldi ina kemikali iitwayo alfa-terthienili ambayo ni sumu kwa minyoo. Minyoo michanga inayojaribu kuingia kwenye mizizi hiyo inakufa, au inashindwa kukua na kutaga. Angalia neno hapo: mizizi. Mizizi iliyo hai, iliyosambaa udongoni. Ndiyo maana wale wanaotwanga majani, wanaloweka kwenye ndoo na kumwagia nyanya hawapati matokeo ya kueleweka. Shughuli haifanyiki kwenye ndoo.

Kwa nini pembeni haitoshi

Kama kazi inafanywa na mizizi hai, basi minyoo inayoguswa ni ile iliyo karibu na mizizi hiyo. Mstari wa maua mpakani unasafisha udongo wa mpakani. Nyanya yako iliyo katikati ya shamba haina habari.

Hata kuchanganya marigoldi na nyanya kwenye tuta moja kwa wakati mmoja huwa kunatoa faida ndogo, maana mizizi ya nyanya bado ipo na minyoo inaendelea kula na kuzaana humo. Njia yenye mashiko ni kutanguliza marigoldi peke yake. Ipande kwa kubanana, sentimita 15 hadi 20 kati ya mmea na mmea, ikae miezi miwili hadi mitatu, na eneo liwe safi. Magugu mengi nayo ni wenyeji wa minyoo. Ukiacha mnavu katikati ya marigoldi, umewawekea minyoo nyumba ya wageni.

Na faida yake si ya milele. Nyanya inayofuata ndiyo inayonufaika zaidi. Ukirudia nyanya juu ya nyanya, idadi ya minyoo inapanda tena. Kwa hiyo marigoldi ni sehemu ya mzunguko wa mazao, haiwi badala yake.

Vipi kuhusu wadudu wa juu? Hapo nako kuna ukweli, lakini una masharti. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza walichapisha kazi yao ya nyanya ndani ya banda la kioo. Marigoldi fupi ikiwepo tangu mwanzo, inzi weupe waliongezeka polepole, kwa sababu ya harufu ya limonini inayotoka kwenye mmea. Ikiletwa wakati inzi weupe wameshajaa, haikuwa na nguvu hiyo. Yaani ni kinga, siyo tiba. Na kule lilikuwa banda lililofungwa. Shamba la wazi la Ilula au Ngarenanyuki, upepo unavuma kutwa, usitarajie harufu ikulindie ekari.

India nako wana utaratibu wa kutumia marigoldi ndefu kama mtego wa funza wanaotoboa matunda ya nyanya. Mstari mmoja wa marigoldi kwa kila mistari 16 ya nyanya. Lakini soma masharti yake: miche ya marigoldi inapandwa ikiwa na siku kama 45 na ya nyanya ikiwa na siku kama 25, ili maua yafunguke wakati nyanya nazo zinatoa maua na nondo wavutwe huko. Halafu lazima upite kwenye ule mstari kuokota funza au kuudhibiti. Mtego usiokaguliwa unageuka kuwa wodi ya wazazi ya nondo.

Na kantangaze? Tusidanganyane. Sijaona sababu ya kumwambia mkulima amtegemee marigoldi kwa kantangaze. Endelea na mitego, usafi wa shamba na dawa kwa kubadilisha makundi.

Hesabu ya mbegu inayowashinda wengi

Hapa ndipo hoja yangu ya nyuma ya nyumba inapoanzia.

Chukua nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Hiyo ni mimea 25 kwa mita moja ya mraba. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Unahitaji mimea 100,000. Kama uotaji ni asilimia 75, unahitaji mbegu kama 133,000. Gramu moja ya marigoldi ina mbegu kama 300, kwa hiyo ni kama gramu 445, karibu nusu kilo.

Sasa nenda dukani. Mbegu za maua kwa kawaida zinauzwa kwenye pakiti ndogo za bustani. Pakiti yenye mbegu 50? Utahitaji zaidi ya pakiti 2,600. Zidisha kwa bei uliyoikuta dukani kwako halafu ukae chini unywe maji.

Ndiyo maana nasema kijana anayenunua pakiti tano na kutangaza "nimepanda marigoldi kwenye ekari yangu" amejifariji. Ila mbegu hizo hizo pakiti tatu, ukiziotesha vizuri kwenye tuta moja la nyumbani, zinakupa mbegu za kutosha kazi ya maana msimu unaofuata. Hesabu ya tahadhari ni hii. Tuta la mita 1 kwa 10, nafasi sentimita 30 kwa 30, linabeba mimea kama 100. Kila mmea uvune vichwa 10 tu vilivyokauka vizuri, kila kichwa mbegu nzima 50. Umepata mbegu 50,000, karibu gramu 165. Zikiota asilimia 70, una mimea 35,000, ambayo kwa mimea 25 kwa mita inatosha mita za mraba 1,400. Hiyo ni robo ekari na ziada. Mtaji wako ni tuta moja, ndoo ya maji na uvumilivu wa miezi minne hadi mitano.

Kuiotesha kwa mbegu

Marigoldi haina makuu. Ni miongoni mwa mbegu rahisi kuotesha, na kwa hilo ni mwalimu mzuri. Ukiishindwa, usijaribu kitalu cha nyanya cha ekari mbili.

1. Chagua mbegu. Kuna marigoldi fupi inayoitwa ya Kifaransa na ndefu yenye maua makubwa inayoitwa ya Kiafrika. Majina yanachekesha, maana zote asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kwa minyoo fundo anza na ile fupi, ndiyo yenye sifa nzuri kwa aina za minyoo zinazosumbua nyanya kwenye joto. Ile ndefu ni ya maua ya kuuza na ya mtego wa funza. Kama lengo ni kuvuna mbegu, nunua OPV, usinunue chotara. Mbegu utakazotoa kwenye chotara hazitafanana na mama, na baadhi ya chotara hazitoi mbegu kabisa.

2. Andaa udongo wa kitalu. Ndoo mbili za udongo mwepesi, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Usichote udongo kutoka kwenye shamba lililolimwa nyanya, utakuwa umehamisha tatizo kwa mikono yako. Mwagia maji ya moto yanayochemka, acha upoe na ukauke kidogo.

3. Sia kwa mistari. Mbegu ya marigoldi ni nyembamba, nyeusi, ina mkia mweupe kama brashi. Chora mistari ya sentimita 5 kutoka mmoja hadi mwingine, weka mbegu kila sentimita moja au mbili, fukia nusu sentimita hadi moja. Usizike kama unapanda mahindi.

4. Funika nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Kwenye joto la kawaida zinaanza kuchomoza siku ya nne hadi ya saba. Siku unayoona vichwa vya kwanza, toa nyasi siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka, inapauka na kulala.

5. Mwagilia asubuhi, acha uso wa udongo ukauke kidogo. Kitalu kinacholowa muda wote kinaleta kinyausi, miche inakatika shingoni na kuanguka. Palipobanana, punguza.

6. Hamisha wiki ya tatu hadi ya nne, miche ikiwa na majani halisi manne hadi sita. Wiki ya mwisho punguza kivuli na maji ili izoee jua. Hamisha jioni, mwagilia hapo hapo.

7. Usiishibishe. Naitrojeni nyingi inakupa majani mengi na maua machache. Samadi ya mwanzo inatosha kwenye udongo wa kawaida. Ile ndefu ikifikisha jozi tatu au nne za majani, kata ncha ili itoe matawi.

Kagua pia chini ya majani. Wanaokuambia marigoldi haishambuliwi hawajaipanda kiangazi. Utitiri mwekundu unaipenda sana, na utitiri huo huo unaipenda nyanya. Tuta la marigoldi lililojaa utando wa utitiri kando ya kitalu cha nyanya ni hasara, usiliache kwa sababu eti maua yanapendeza. Konokono nao hula miche michanga usiku. Mvua zikizidi utaona madoa ya ukungu kwenye majani, kwa hiyo usibananishe tuta la mbegu, na mwagilia chini, si juu ya maua.

Kuvuna mbegu zako

Weka aina moja tu kwenye tuta la mbegu. Chagua mimea ya katikati yenye afya, maua mengi na umbo linalofanana, ifunge uzi mwekundu. Usikate maua yake. Acha ua linyauke, likauke juu ya mmea hadi kile kikombe cha chini kigeuke kahawia. Vuna mchana mkavu, umande ukiwa umekwisha.

Tandaza kivulini wiki nzima. Vuta petali zilizokauka, mbegu zinatoka kwenye kifungu. Nyeusi zilizojaa, weka. Zilizo bapa na nyepesi, tupa. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kopo lenye mfuniko, mahali pakavu, pasipo na joto. Andika aina na tarehe. Kijana anayeandika tarehe kwenye bahasha ya mbegu ndiye huyo huyo anayejua gharama ya kreti moja ya nyanya zake.

Kabla ya kupanda, jaribu uotaji: mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 40, usilaumu mvua. Ongeza kiasi cha mbegu au tafuta nyingine.

Jaribio la kufanya kabla hujalipa kodi

Tuta la nyumbani lina faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko mbegu. Linakufundisha kupima badala ya kuamini.

Kabla hujalipa kodi ya shamba, chota udongo sehemu kumi tofauti, kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya, jaza makopo matano au sita. Panda humo mche wa nyanya ya kawaida isiyo na ukinzani, au tango. Baada ya wiki tano hadi sita ng'oa, osha mizizi taratibu kwenye ndoo, tazama. Mizizi yenye vinundu imekuambia jambo ambalo mwenye shamba hakukuambia. Unaweza kupunguza bei, kubadili zao, au kuondoka. Makopo sita na miche sita vimekuokolea msimu.

Kisha fanya jaribio la marigoldi lenyewe. Kama una kona nyumbani yenye minyoo, igawe mara mbili. Nusu panda marigoldi kwa kubanana miezi miwili na nusu, nusu lima unavyolima siku zote. Katakata marigoldi kabla haijamwaga mbegu, ichanganye na udongo, subiri kama wiki mbili, panda nyanya pande zote. Mwisho wa msimu ng'oa mizizi ya pande zote mbili, uilaze chini sambamba, piga picha. Picha hiyo ni yako, ya udongo wako na mbegu yako. Ina thamani kuliko video hamsini.

"Miezi mitatu bila kuuza kitu?"

Hili ndilo pingamizi zito, na wanaolisema wana haki. Ardhi ya kukodi inalipiwa. Maji yanalipiwa. Kumwambia kijana aweke maua yasiyolipa kwa miezi mitatu kwenye ekari ya watu ni rahisi kwa mtu anayepokea mshahara kama mimi.

Kwa hiyo simwambii hivyo. Ninachosema ni hiki.

Kwanza, kama umekodi msimu mmoja tu na udongo una minyoo, usimsafishie mwenye shamba bure. Ondoka, au kaa mezani mwandikiane misimu miwili mitatu kwa bei inayotambua kwamba unaboresha ardhi. Wazee wengi wenye mashamba wanaelewa wakionyeshwa mizizi yenye vinundu kwa macho yao.

Pili, minyoo haisambai sawasawa. Inakaa kwa mabaka. Chora ramani ya shamba lako wakati wa kung'oa mabaki ya nyanya, weka kijiti kila palipo na vinundu. Mara nyingi utakuta kazi ya marigoldi inahitajika robo ya shamba, si shamba zima. Robo ekari ndiyo hiyo tuta lako la nyumbani limekupa mbegu zake.

Tatu, na hili nalisisitiza kuliko yote: anza na kitalu. Mche wa nyanya ulioambukizwa kitaluni unabeba minyoo hadi shamba safi, na kuanzia siku hiyo shamba hilo si safi tena. Matuta ya kitalu ni mita chache tu. Kuyapa marigoldi miezi miwili au mitatu kabla ya kusia nyanya hakukunyimi hela yoyote ya maana, na ndipo shilingi yako inafanya kazi kubwa zaidi. Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, fanya hili.

Nne, usiache silaha nyingine. Nunua aina za nyanya zenye ukinzani. Kwenye pakiti nyingi utaona herufi N miongoni mwa herufi za magonjwa, maana yake ukinzani dhidi ya minyoo. Lakini ukinzani huo hulegea udongo ukizidi nyuzi joto 28 hivi, kwa hiyo kwenye maeneo ya joto usiutegemee peke yake. Osha majembe na mabuti unapotoka shamba lenye ugonjwa. Ng'oa mizizi ya nyanya mara tu mavuno yakiisha, ikaushe juani uichome. Kuiacha ardhini ni kuiachia minyoo chakula cha likizo.

Na soko la maua je?

Kuna wanaosema, "Basi nitauza maua, nipate kote kote." Inawezekana, ila kwa akili. Wateja wa kweli wapo. Jamii ya Wahindu hutumia marigoldi kwa mashada ya ibada na harusi, na Diwali, ambayo huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, ndiyo kilele. Dar es Salaam, pale maeneo ya Kisutu kwenye mahekalu, au Arusha na Moshi, nenda uulize kwanza nani ananunua, rangi gani, kwa uzito au kwa shada. Ile ndefu huchukua kama miezi miwili na nusu hadi mitatu kutoka kusia hadi kuchanua vizuri, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwaka huo. Ua lililochanua wiki moja baada ya Diwali ni chakula cha mbuzi.

Ila ukisikia mtu anauza mbegu za marigoldi kwa ahadi ya kununua maua yote kwa ajili ya viwanda vya rangi ya chakula cha kuku, muulize mkataba ulioandikwa, bei iliyoandikwa, na nani alishalipwa msimu uliopita. Ni kweli rangi ya marigoldi hutumika duniani kuongeza unjano wa kiini cha yai. Ukweli huo peke yake haumaanishi kuna lori linakuja kwako. Tumeshazikwa na mazao ya namna hiyo, tusirudie.

Neno kuhusu bangi mwitu

Wa nyanda za juu mtaniuliza: "Hii bangi mwitu inayotusumbua si ndugu yake?" Ndiyo, ni ndugu wa damu, na tafiti zimeonyesha nayo inapunguza minyoo. Lakini ni gugu lenye kumwaga mbegu nyingi ajabu. Kama tayari ipo shambani, ikatekate kabla haijatoa mbegu na uizike. Kama haipo, usiilete kwa mikono yako ili kuokoa hela ya pakiti tatu.

Kwa ufupi

Siwaambii mpande maua kwa sababu ni mazuri, ingawa ni mazuri kweli. Nawaambia kijana mwenye tuta moja la marigoldi nyuma ya nyumba anajua kusia, kuhesabu, kuhifadhi mbegu, kusoma mizizi na kupima neno la muuzaji kabla hajalilipia. Huyo akienda kukodi ekari, haendi kubahatisha.

Wiki hii fanya mambo mawili. Nunua pakiti tatu za OPV fupi, andaa tuta. Na ule udongo wa shamba unalotaka kukodi, chota leo uweke kwenye makopo. Baada ya wiki sita ng'oa uniletee mizizi tuitazame pamoja.

Tukutane shambani.